Mwongozo kamili: Namna ya kupima kama dungu lako la kukunjwa linastahili hataza Marekani

Michoro ya madungu ya kuwindia inayonifikia kwa ushauri inafanana kwa jambo moja. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: jepesi, linakunjika, linabebwa mgongoni, linafungwa mtini kwa dakika chache. Ukurasa wa pili ni picha. Mwenye mchoro ameshalipa ada ya kuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza alichobuni, amesubiri miezi na miezi, na jibu la Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani (USPTO) limemrudia na habari ileile: madai yote, yaani sentensi zinazotaja anachotaka kilindwe, yamekataliwa.

Sababu karibu kila mara ni moja. Mtu ameomba hataza ya kukunjika, na kukunjika ni mali ya watu wote tangu zamani. Alichobuni kweli kimejificha kwenye bawaba, kwenye komeo, kwenye namna uzito wa mwindaji unavyoshuka kutoka kwenye jukwaa hadi kwenye gome la mti. Hicho hakukiandika.

Dungu ninalolisema ni lile Wamarekani wanaloliita treestand: jukwaa dogo lenye kiti, linalofungwa kwenye shina la mti ili mwindaji wa kulungu wa mkia mweupe akae juu ya upeo wa macho na pua ya mnyama. Neno nimeliazima kwa wakulima wetu wanaolinda mpunga, maana kazi ni ileile ya kukaa juu na kuvizia. Uraia hauhusiki hapa. Mvumbuzi wa nchi yoyote anaweza kuomba hataza Marekani.

Fuata hatua kwa mpangilio. Ukiruka ya pili, ya tano haitakusaidia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mfano unaofanya kazi, hata kama ni wa mbao na bolti, mradi ukunjike na kufunguka kama utakavyokuwa wa kweli.
- Daftari lililoshonwa (si la kuchomoa karatasi) na kalamu ya wino.
- Picha za mfano katika hali tatu: umekunjwa, umefunguka nusu, umefunguka wote. Piga pia kila kiungo kwa karibu.
- Kompyuta yenye intaneti. Utatumia Patent Public Search ya USPTO, Google Patents na Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Zote ni bure.
- Katalogi na video za madungu yanayouzwa sasa na yaliyouzwa zamani.
- Lahajedwali, au karatasi kubwa ya kuchora jedwali.
- Hati fupi ya makubaliano ya kutunza siri, kwa kila fundi au rafiki atakayeona mfano.
- Mifuko ya mchanga na mizani. Utaona sababu mbele.

Wakili si lazima kwa hatua za mwanzo, ila atakufaa sana kwenye kuandika madai. Asiye na uwezo aulize kuhusu mpango wa USPTO wa mawakili wa kujitolea, au aende kwenye maktaba zilizoteuliwa kuwa vituo vya msaada wa hataza na alama za biashara. Zipo katika majimbo mengi.

## Hatua ya 1: Andika tarehe zako kwanza

Tangu 16 Machi 2013, Marekani humtambua mvumbuzi aliyetangulia kuwasilisha ombi, si aliyetangulia kuwaza. Pia ukikitoa kitu chako hadharani, saa inaanza kuhesabu: una mwaka mmoja wa kuwasilisha ombi Marekani. Ukipita, video yako mwenyewe inakuwa ushahidi wa kukunyima hataza.

Andika tarehe ya kila moja kati ya haya: siku ulipomwonyesha mtu bila makubaliano ya siri, siku ulipoweka picha mtandaoni, siku ulipotangaza bei, siku ulipouza au kuahidi kuuza. Hata mauzo ya siri yanahesabika. Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha hivyo mwaka 2019 katika kesi ya Helsinn dhidi ya Teva. Kwa hiyo ile barua pepe uliyomwandikia mwenye duka ukimpa bei ya madungu hamsini si jambo dogo.

Wengi hunijibu, "Nilimpa shemeji tu, alilitumia porini kwake, hakuna aliyeliona." Mwaka 1881, katika kesi ya Egbert dhidi ya Lippmann, mvumbuzi alikuwa amempa mwanamke rafiki yake vyuma vya kuvaa ndani ya nguo, mahali ambapo hakuna jicho la mtu lingeviona. Alizikosa haki zake hata hivyo, kwa sababu hakumwekea sharti lolote la siri wala udhibiti. Shemeji yako porini yuko wazi zaidi kuliko vyuma vile.

Majaribio ya kweli yana kinga yake. Katika kesi ya City of Elizabeth, mwaka 1878, mvumbuzi wa sakafu ya barabara ya mbao aliijaribu kwa miaka kwenye barabara ya umma huko Boston na hakupoteza haki, kwa kuwa alikuwa akiikagua mwenyewe na kuishikilia kama jaribio. Basi nawe shika mamlaka juu ya jaribio lako. Aliyepewa dungu kulijaribu atie saini, arudishe dungu, na akupe maelezo ya maandishi.

Umemaliza hatua hii ukiwa na ukurasa mmoja wa tarehe, na juu yake tarehe moja iliyozungushiwa duara: siku ya mwisho ya kuwasilisha.

Onyo. Mwaka huo wa neema ni wa Marekani. Kwa hataza ya Ulaya, ukishaonyesha hadharani kabla ya kuwasilisha popote, mlango kwa kawaida umefungwa siku hiyohiyo. Kama una ndoto ya kuuza Ujerumani au Uswidi, usionyeshe chochote kabla ya ombi.

## Hatua ya 2: Vunja dungu kuwa vipengele, si sifa

Chukua karatasi, chora mstari katikati. Kushoto andika linachofanya, kulia andika linavyofanya. Mkaguzi wa hataza anasoma upande wa kulia.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Dungu lina nguzo ya alumini inayoegemea shina, na jukwaa la nusu mbili zilizoungwa kwa bawaba katikati. Mikono miwili inatoka kwenye nguzo kushikilia jukwaa. Kwenye bawaba kuna kabari ya nailoni. Mwindaji akisimama, uzito wake unaisukuma kabari ndani ya mwanya, bawaba inabanwa na haiwezi kurudi. Hakuna pini ya kuchomeka.

Kushoto mwenye mfano huu angeandika: "linajifunga lenyewe, halina kelele, halipotezi pini gizani." Yote ni kweli, na mwindaji atalinunua kwa sababu hizo. Lakini kulia ndiko kunakoandikwa: kabari imeunganishwa na nini, inaelekea wapi, mwanya una pembe gani, nguvu inapita njia ipi, kitu gani huiachia kabari wakati wa kukunja.

Piga kila kipengele herufi: (a) nguzo, (b) jukwaa la nusu mbili, (c) mikono, (d) kabari na mwanya wake, (e) chemchemi (springi) inayorudisha kabari. Herufi hizi utazitumia katika hatua zote zilizobaki.

Kipimo cha kazi nzuri ni hiki: mpe karatasi ya kulia fundi wa kuchomelea asiyewahi kuwinda, akiwa ametia saini ya siri. Akiweza kukuchorea kiungo chako bila kuona mfano, umeandika vya kutosha.

## Hatua ya 3: Pekua yaliyotangulia

Yaliyotangulia ni kila kilichowekwa hadharani popote duniani, kwa lugha yoyote, kabla ya tarehe yako: hataza, maombi yaliyochapishwa, katalogi, video, bidhaa dukani. Hataza iliyokwisha muda nayo imo. Hapo watu huteleza sana. Muda ukiisha unaruhusiwa kuitengeneza bidhaa ile, ila huwezi kuiombea hataza upya.

Usianze kwa maneno, anza kwa namba za uainishaji. Mtu mmoja ameandika "tree stand", mwingine "hunting platform", wa tatu "elevated seat", na wote wanasema jambo lilelile. Uainishaji unawakusanya. Zinazokuhusu ni hizi:

- A01M 31/02: majukwaa ya kuvizia na kupigia risasi.
- A63B 27/00: vifaa vya kupandia miti na nguzo.
- E06C: ngazi za aina zote.
- A47C 4: viti vya kukunja na kufumuliwa.

Kwa hati za Marekani za zamani tafuta pia daraja la kale 182/187, kwani madungu mengi yamewekwa humo. Za kabla ya 1976 maandishi yake hayatafutiki vizuri, hivyo fungua picha moja baada ya nyingine. Inachosha, najua. Lakini mkaguzi atakayekukataa ameifanya kazi hiyo.

Ndani ya namba hizo sasa ongeza maneno: "foldable", "collapsible", "wedge", "self-locking", "over-center". Tazama michoro kwanza, maneno baadaye. Ukipata hati inayokutia wasiwasi, fungua orodha ya hati ilizozitaja na orodha ya zilizoitaja. Mnyororo huo hukufikisha kwenye hati ambazo neno lolote lisingezifikia.

Kisha toka kwenye hataza, nenda madukani na kwenye katalogi. Tarehe ya ukurasa wa tovuti unaweza kuipata kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, na wakaguzi huitumia pia.

Acha kupekua pale hati zilezile zinapoanza kukurudia kutoka kila upande. Ukifika hapo uwe na rejea (hati au bidhaa zilizotangulia) kama nane hadi kumi na tano mkononi, na moja umeiandikia juu: "Hii ndiyo ya karibu zaidi." Asiyepata hata moja hajapekua. Hakuna dungu lisilo na ndugu.

Onyo. Maombi mengi huchapishwa miezi 18 tangu tarehe ya kwanza ya kuwasilishwa. Yaliyowasilishwa hivi karibuni huwezi kuyaona, na yanaweza kukutangulia. Hiyo ni sababu nyingine ya kutochelewa.

## Hatua ya 4: Jedwali la upya

Chora jedwali. Safu wima ni vipengele vyako (a) hadi (e). Safu mlalo ni rejea zako. Weka alama pale tu unapoweza kutaja namba ya mchoro na aya inayoonyesha kipengele hicho.

Kanuni ya upya, kifungu cha 102 cha sheria ya hataza ya Marekani, ni rahisi kuisema: dai linakufa kwa rejea moja iliyo na vipengele vyote, vikiwa vimepangwa kama ulivyodai. Rejea mbili hazijumlishwi hapa. Kwa hiyo tazama kila mstari peke yake. Ukiona mstari wenye alama zote tano, dai hilo limeshakwisha. Rudi hatua ya 2 utafute kipengele cha sita.

Usiseme, "Lakini ile si ya wawindaji." Mwaka 1997, katika kesi ya In re Schreiber, mtu aliomba hataza ya kifuniko chenye umbo la koni cha kumwagia bisi. Alikataliwa kwa sababu ya hataza ya zamani ya Uswisi ya mdomo wa kopo la mafuta. Umbo lilikuwa lilelile na bisi zingeweza kupita, basi matumizi mapya hayakumwokoa. Dungu lako linaweza kuangushwa na rafu ya kukunja ya mpaka rangi ambaye hajawahi kumwona kulungu.

Kwa mfano wetu, tuseme rejea ya karibu zaidi ina (a), (b) na (c), lakini imefungwa kwa pini. Nyingine, ngazi ya kukunja, ina kabari inayofanana na (d). Hakuna mstari uliojaa. Upya umepita, na hapo ndipo watu husherehekea mapema.

## Hatua ya 5: Je, fundi wa kawaida angeliona mwenyewe?

Hapa ndipo maombi mengi ya madungu huanguka, na hapa nitakaa.

Kifungu cha 103 kinakataa kitu kipya ambacho tofauti yake na yaliyotangulia ingekuwa dhahiri kwa fundi wa kawaida wa fani hiyo. Huyu ni mtu wa kufikirika. Amesoma kila hati iliyopo, ana akili ya kawaida, na anaruhusiwa kuunganisha rejea mbili au tatu kama ana sababu ya kufanya hivyo. Mahakama Kuu iliweka namna ya kumpima mwaka 1966 katika kesi ya Graham dhidi ya John Deere, iliyohusu jembe la trekta la kulimia ardhi ya mawe. Mvumbuzi alikuwa amegeuza mpangilio wa mhimili na bamba la bawaba, na ikaamuliwa kwamba ni dhahiri. Mwaka 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex juu ya pedali za gari, Mahakama iliongeza kwamba fundi huyo si mashine. Huunganisha vipande anavyovijua kama mtu anayepanga fumbo.

### Maneno yasiyokuokoa

Wakaguzi wana kitabu chao, MPEP, na sehemu ya 2144.04 imekusanya mabadiliko ambayo peke yake hayatoshi. Mwenye dungu la kukunjwa aisome kabla ya kulipa senti.

Kubebeka. In re Lindberg, 1952: kitu cha zamani hakipati hataza kwa sababu tu sasa kinabebeka. Neno ambalo kila mmoja wenu analiandika kwenye kichwa cha ombi limeshapoteza nguvu kwa zaidi ya miaka sabini.

Kurekebishika. In re Stevens, 1954, na kesi hiyo ilihusu mpini wa ufito wa kuvulia samaki. Kufanya kitu kirekebishike pale kinapohitajika si hatua ya uvumbuzi.

Kutenganishika, kuunganishwa kuwa kimoja, kuongezwa idadi, kuhamishwa mahali, kubadilishwa ukubwa. Kila moja ina kesi yake katika sehemu hiyohiyo. Mikono miwili badala ya mmoja, kiti kikahamia kushoto, jukwaa likapungua: hakuna kilichobadilika machoni pa mkaguzi kama kazi imebaki ileile.

Kubadili chuma kuwa alumini ili kupunguza uzito ni kuchagua malighafi inayojulikana kwa sifa inayojulikana.

Na viti vya kukunja, machela na ngazi vyote vinaweza kutumika dhidi yako. Mwaka 2004, katika In re Bigio, mahakama ilikubali miswaki itumike dhidi ya brashi ya nywele kwa sababu fani zinakaribiana.

### Kinachoweza kukuokoa

Rudi kwenye mfano. Mkaguzi atasema: chukua dungu la pini, toa pini, weka kabari ya ngazi, kila fundi angefanya hivyo ili kuondoa pini inayopotea. Kujibu kwamba "hakuna aliyefanya kabla" hakutoshi. Jiulize maswali haya, na ujibu kwa maandishi.

Kwanza, je, kabari ile ya ngazi ikiwekwa kwenye bawaba ya jukwaa ingefanya kazi kama ilivyo? Tuseme kabari ya ngazi hubanwa na mkono wa mtu na hulegea uzito unapoongezeka. Basi fundi asingekuwa na sababu ya kuichukua, na kuifanya ibanwe na uzito kunahitaji kugeuza njia nzima ya nguvu. Hoja hiyo ina uzito.

Pili, je, rejea zenyewe zinamkataza fundi? Siku ileile ya hukumu ya Graham, Mahakama Kuu iliamua kesi ya Adams, juu ya betri inayoamshwa kwa maji. Vipande vyote vilijulikana, lakini maarifa ya wakati ule yalimwonya fundi asiviunganishe. Adams alishinda. Ukipata hataza ya dungu inayosema kiungo cha kabari hakifai kwa jukwaa la kusimamia mtu, itunze kama dhahabu.

Tatu, je, kuna matokeo yasiyotarajiwa, na unaweza kuyapima? Mchanga na mizani vinaingia hapa. Weka mfano wako na dungu la dukani sambamba, kimo cha goti kutoka ardhini. Ongeza mifuko kidogo kidogo, pima bawaba inavyocheza kwa milimita katika kila uzito. Pima pia kelele wakati wa kufungua, kwa kipima sauti, umbali uleule, mara kumi kila moja. Mwindaji anajua mlio mmoja wa chuma alfajiri unavyoweza kumharibia siku nzima. Kama cha kwako kinakaza zaidi kadiri uzito unavyoongezeka huku cha pini kikilegea, una namba za kuweka mbele ya mkaguzi kwa tamko la kiapo.

Nne, ushahidi wa nje: wengine walijaribu wakashindwa, tatizo lilidumu miaka, bidhaa imeuzika. Mauzo lazima yaunganishwe na kipengele (d) chenyewe. Kama watu wamelinunua kwa rangi yake ya majani, hayakusaidii.

Onyo la uhai. Usipande mtini na mfano ambao haujajaribiwa, hata mara moja "kuona tu". Majaribio ya uzito ni ya mchanga. Zipo kanuni za ASTM, shirika la viwango, za kujaribu madungu ya kuwindia, na bidhaa inayokwenda sokoni ipimwe kwa hizo. Hataza haithibitishi usalama, na hakuna kiungo kizuri kiasi cha kumfanya mwindaji aache mkanda wa kuzuia kuanguka unaoshika mwili mzima.

Umevuka hatua ya tano ukiweza kuandika sentensi moja inayoanza: "Fundi wa kawaida asingefanya hivi kwa sababu…" na kuimaliza kwa kutaja rejea au namba. Ukishindwa kuimaliza, usiwasilishe bado. Rudi karakanani.

## Hatua ya 6: Hakikisha umeeleza kiasi cha kujengeka

Kifungu cha 101 hakitakusumbua, kwa kuwa dungu ni kifaa na lina manufaa. Cha 112 ndicho cha kuangalia. Maelezo lazima yamwezeshe fundi kulitengeneza na kulitumia. Kwa hiyo andika vipimo, pembe ya mwanya (toa masafa, mfano nyuzi 8 hadi 15, kama umeyajaribu), aina ya nailoni, na mbadala zake: chemchemi ikikosekana, uzito wa kabari wenyewe unaweza kuirudisha? Andika hata namna usiyoipenda. Baada ya kuwasilisha huruhusiwi kuongeza jambo jipya, na nimeona mtu akililia aya moja aliyoiacha kwa uvivu.

Michoro ionyeshe dungu likiwa limekunjwa, likiwa wazi, na kiungo kikikatwa katikati. Kila sehemu iwe na namba moja, ileile katika kila mchoro na kila aya.

## Hatua ya 7: Andika dai

Dai ni sentensi moja inayochora uzio wa shamba lako. Rasimu ya mfano wetu ni hii:

*Dungu la kuwindia lililoundwa ili lifungwe kwenye shina la mti, likiwa na: nguzo, jukwaa lenye nusu mbili zilizounganishwa kwa bawaba, angalau mkono mmoja unaounganisha jukwaa na nguzo, na kabari iliyo kati ya nusu hizo mbili, inayosukumwa ndani ya mwanya na mzigo ulio juu ya jukwaa, hivi kwamba bawaba huzuiwa kugeuka kadiri mzigo unavyoongezeka.*

Angalia mambo manne. Mti haujadaiwa, umetajwa tu kama mahali dungu linapofungwa. Ukiudai mti kuwa sehemu ya kifaa, kiwanda kinachouza dungu bila mti hakijavunja dai lako, na utabaki kumshtaki mwindaji mmoja mmoja porini. Chemchemi (e) haimo, kwa kuwa dungu linaweza kufanya kazi bila hiyo. Itawekwa kwenye dai tegemezi, yaani dai linaloongeza jambo juu ya dai la kwanza. Hakuna "jepesi" wala "haraka", kwani maneno hayo hayana mpaka. Na kwa Kiingereza, neno la kuunganisha liwe "comprising", lisiwe "consisting of". La kwanza humkamata hata anayeongeza kipande, la pili humwachia.

Jihadhari pia na kuandika "njia ya kufungia" bila kutaja kiungo. Kwa kawaida sheria itaisoma kuwa ni kiungo ulichokieleza tu na vinavyolingana nacho, ilhali wewe ulidhani umedai njia zote.

Kisha shuka ngazi kwa madai tegemezi: kabari ya nailoni, mwanya wa nyuzi 8 hadi 15, chemchemi, mikono inayolala ndani ya nguzo. La juu likianguka, la chini linaweza kusimama.

Peleka kila dai kwenye jedwali la hatua ya 4. Kama hakuna mstari uliojaa, na sentensi ya hatua ya 5 bado inakubalika, dai limeiva.

## Hatua ya 8: Wasilisha

Unaweza kuanza na ombi la muda. Halikaguliwi, halihitaji madai, na linakushikia tarehe kwa miezi 12. Wengi hawajui kwamba linaweza kuandikwa kwa lugha isiyo Kiingereza, Kiswahili kikiwemo. Tafsiri ya Kiingereza yenye tamko la usahihi itadaiwa pale ombi kamili litakapotegemea tarehe hiyo. Mwenye kuchora vizuri na kueleza vizuri kwa Kiswahili asikwamishwe na sarufi ya watu. Lakini aandike kwa ukamilifu uleule wa hatua ya 6. Tarehe hulinda kilichoandikwa humo tu, na ukurasa mmoja wa sifa haulindi chochote.

Uwasilishaji hufanyika kupitia Patent Center, mfumo wa mtandaoni wa USPTO. Angalia kundi lako la ada: taasisi ndogo hupunguziwa asilimia 60 ya ada nyingi, na taasisi ndogo sana asilimia 80, kwa masharti ya kipato na idadi ya maombi uliyowahi kuwasilisha. Tamka kweli, maana tamko la uongo linaweza kuiua hataza baadaye.

Pamoja na ombi kamili, orodhesha rejea zote za karibu unazozijua, ikiwemo ile uliyoiandikia "ya karibu zaidi". Ni wajibu wa kisheria. Pia ni faida yako, kwa kuwa hataza iliyotolewa huku mkaguzi akiwa na rejea hiyo mezani ni ngumu zaidi kuvunjwa.

Kama uvumbuzi umefanyika ndani ya Marekani na unataka kuomba nje, kwanza pata kibali cha kuwasilisha nje, ambacho kwa kawaida huja na stakabadhi ya ombi lako. Baada ya hapo una miezi 12 tangu ombi la kwanza kuwasilisha kwingine au kupitia mfumo wa kimataifa wa PCT (Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza).

Onyo. Kampuni zinazotangaza "tutakupatia hataza na mnunuzi" zinabanwa na sheria ya mwaka 1999. Kabla ya mkataba lazima zikueleze kwa maandishi, pamoja na mengine, zimetathmini vumbuzi ngapi kwa miaka mitano iliyopita na wateja wangapi wamepata faida iliyozidi malipo. Omba karatasi hiyo. Wasipoitoa, ondoka.

## Hatua ya 9: Barua ya kwanza ya kukataliwa

Itakuja. Kukataliwa mara ya kwanza ni jambo la kawaida kabisa, hata kwa madai yanayokuja kukubaliwa. Kwa kawaida una miezi mitatu ya kujibu, na unaweza kuongezewa kwa kulipia hadi miezi sita. Ukipita hapo ombi limetelekezwa.

Soma barua ukiwa na jedwali lako. Kama sababu ni 102, tafuta kipengele ambacho rejea yake haina. Kama ni 103, tafuta sababu aliyoitoa ya kuunganisha rejea. Mara nyingi ni aya moja fupi, na hapo ndipo pa kuingilia kwa vipimo vyako vya mchanga.

Kisha omba mahojiano na mkaguzi, kwa simu au video. Ni haki ambayo wengi huiacha kwa woga. Mtumie ajenda ya nusu ukurasa kabla. Siku yenyewe mwonyeshe bawaba ikifunga chini ya gunia la mchanga, kisha muulize swali moja tu: katika rejea ulizozitaja, ni wapi uzito unapoikaza kabari? Andika jibu lake neno kwa neno kwenye lile daftari la wino, na urekebishe dai kwa maneno hayohayo kabla ya wiki kuisha.